Uliza Tukujibu: Natembea Kila Siku na Mzani Haushuki, Je Najichosha Bure?

Wiki hii barua karibu zote ni za mazoezi, mafuta ya damu na sukari. Nimechagua tano. Ya kwanza ntakaa nayo sana maana huyu dada yuko mguu nje mguu ndani, anataka kuacha, na mi sitaki aache.

SWALI: Asalaam aleykum Daktari. Mi ni mama wa miaka 47, nakaa Makorora hapa Tanga, asubuhi nauza vitafunwa nje ya nyumba. Mwezi wa pili nilipima nikaambiwa mafuta ya damu yamezidi na sukari iko mpakani, nikaambiwa nitembee nipunguze na sukari kwenye chai. Basi nimetembea miezi mitatu, siku tano kwa wiki, jioni na shoga yangu, tunaenda mpaka Mkwakwani tunarudi, kama dakika 40 hivi. Nilikuwa na kilo 84, sasa nina 83 na nusu! Nusu kilo miezi mitatu Daktari. Jirani yangu ananicheka anasema kutembea si mazoezi, mazoezi ni kukimbia utoke jasho. Nimepima tena wiki jana ila majibu sikuelezwa chochote, nilipewa karatasi tu nikaitia kwenye mkoba. Traigliseridi ilikuwa 2.8 sasa imeandikwa 2.1, sukari kabla ya kula ilikuwa 6.4 sasa 5.9, HDL 1.0 na sasa ni 1.0 hiyohiyo. Nimekata tamaa, nataka kupumzika kwanza. Nishauri.

JIBU: Waaleykum salaam dada yangu. Kwanza hiyo karatasi itoe kwenye mkoba uishike mkononi, maana majibu yako yamo humo ila we umeyatafuta kwenye mzani. Hujachoka bure hata siku moja.

Tuanze na hiyo traigliseridi maana wengi wanaichanganya na kolestro. Kolestro ni kitu kama nta, mwili unaitumia kujengea kuta za seli na kutengenezea homoni, haichomwi kama kuni. Traigliseridi ndo mafuta yenyewe, yale ya kuchoma au ya kuweka akiba. Na watu wanashangaa, "Daktari mbona mi sili chipsi wala nyama ya mafuta, hayo mafuta yametoka wapi?" Mengi yanatoka kwenye ini lako mwenyewe. Ukila wanga na sukari kuliko unavyotumia, yaani chai ya vijiko vinne, soda, sahani ya wali iliyojaa mpaka inamwagika, ini linachukua ile ziada linaipika kuwa mafuta na kuyatoa kwenye damu. Kipimo cha kawaida ni chini ya 1.7. We ulikuwa na 2.8 na sasa una 2.1, hiyo ni robo nzima imeondoka.

Sasa yameondokaje na mzani haujasogea? Hapa nisikilize vizuri.

Ini likishapika yale mafuta haliyaachi yaelee hovyo, linayapakia kwenye vijichombo vidogo vinaingia kwenye damu. We ni mtu wa Tanga, unakumbuka meli zilivyokuwa zinatia nanga kule nje ya bandari halafu matishari yanakwenda kupakua mzigo na kuuleta gatini. Fikiria hivyo. Vijichombo vimebeba mafuta vinapita kwenye mishipa, na kwenye kuta za vile vishipa vyembamba vinavyolisha misuli kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kupakua, kama makuli. Kinayavunja yale mafuta na kuyaingiza kwenye msuli yakachomwe. Msuli ukifanya kazi, makuli wanaongezwa, na hawaongezwi palepale tu, wanaendelea kuongezeka saa kadhaa baada ya wewe kurudi nyumbani umeshavua viatu, mpaka kesho yake. Msuli ukikaa kutwa nzima, makuli wanapunguzwa, mzigo unabaki unazunguka tu baharini. Ndo hiyo traigliseridi unayoikuta juu kwenye karatasi.

Na insulini nayo iko humohumo. Insulini inatoka kwenye kongosho, kazi yake ni kama mgeni anayebisha hodi kwenye msuli ili sukari ifunguliwe mlango iingie ndani. Kwa mtu ambaye misuli yake imelala muda mrefu na tumbo limeota mafuta, hodi inabishwa na ndani kimya. Kongosho linaona sukari bado iko nje, linatuma insulini zaidi, hodi inakuwa ya kupiga kelele. Hapo sukari inaweza kuonekana iko mpakani tu, kumbe nyuma ya pazia kongosho linatoka jasho. Na ubaya wa insulini ikikaa juu muda wote pamoja na sukari nyingi, ini nalo linazidi kupika mafuta, ndo maana sukari ya mpakani na traigliseridi ya juu mara nyingi unazikuta kwa mtu mmoja kama ilivyokuwa kwako.

Kutembea kunafanya nini? Nyumba zetu za Kiswahili zina mlango wa mbele na mlango wa uani. Msuli unaofanya kazi unafungua mlango wa uani. Sukari inaingia bila hodi, bila kuisubiri insulini, kwa sababu msuli wenyewe una njaa. Hilo limethibitishwa maabara zamani sana. Ule mlango wa uani unafungwa saa chache baada ya kutulia, ila faida haiishii hapo, maana hata mlango wa mbele unakuwa unasikia hodi vizuri zaidi kwa siku moja mpaka mbili, wakati mwingine inagusa ya tatu. Kwahiyo ndo tunasema usiache siku mbili zipite mfululizo hujatembea, si kwamba ni sheria ya kukutesa, ni kwamba dawa yenyewe inaishia hapo inabidi umeze dozi nyingine.

Sasa jirani yako anayesema kutembea si mazoezi. Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Duke, walifanya utafiti unaitwa STRRIDE, majibu ya mafuta yakaanza kutoka mwaka 2002. Walichukua watu wazima waliokuwa wanakaa tu, wanene kiasi, mafuta ya damu hayako sawa, yaani watu kama wewe na mimi. Kundi moja likakimbia umbali kama kilometa 32 kwa wiki, la pili likakimbia kama kilometa 19, la tatu likapata kilometa zilezile 19 ila kwa kutembea haraka tu, na wengine wakakaa bila mazoezi miezi sita. Na wakaambiwa wasijipunguze uzito makusudi, dada yangu shika hapo, walitaka kujua mazoezi peke yake yanafanya nini mzani ukiwa umetulia. Kwa traigliseridi, waliotembea ndo walioshusha vizuri, kuliko hata wale waliokimbia kilometa zilezile 19. Na kwa insulini vilevile, waliotembea, ambao walikuwa wanatumia kama dakika 170 kwa wiki, walifaidika zaidi ya waliokimbia umbali huohuo kwa dakika kama 115. Yaani insulini inahesabu sana muda ambao misuli iko kazini. Wale waliokaa tu hawakubaki palepale, mafuta ya ndani ya tumbo yaliwaongezeka.

We unafanya dakika 40 mara tano, ni dakika 200. Uko ndani kabisa ya zile 150 mpaka 300 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri kwa wiki.

Mzani basi tuuweke mahala pake. Dakika 40 za kutembea zinachoma nishati ambayo vitafunwa viwili na chai ya sukari vinairudisha yote kabla hujakaa vizuri, na we unashinda mbele ya karai, naelewa. Kupunguza kilo kunaamuliwa zaidi na sahani. Ila mafuta ya ndani ya tumbo yanaweza kupungua na kilo zikabaki zilezile, kwahiyo tafuta futi kamba ya fundi cherehani, jipime kiuno usawa wa kitovu, andika tarehe, rudia baada ya mwezi. Ukikuta gauni la kiunoni limelegea hapo ndo utaniamini.

Usinielewe vibaya, bado hatujafika. 2.1 bado iko juu ya 1.7, na sukari ya 5.9 ni nzuri kuliko 6.4 ila Wamarekani wanaanza kuhesabu mpakani kuanzia 5.6. Halafu traigliseridi inapanda na kushuka siku kwa siku hata bila sababu kubwa, kwahiyo kipimo kimoja kisikupe kiburi wala huzuni. Ukirudia hakikisha umefunga kula kwa muda wa masaa 9 mpaka 12 kama safari iliyopita, maji tu, na jana yake usiwe umetoka kwenye karamu ya biriani. HDL, yaani kolestro nzuri, haijasogea na wala usishtuke, ile ni mbishi, ntaieleza kwenye barua ya nne. Endelea na Mkwakwani yako, chai toka vijiko vinne njoo viwili halafu kimoja, na mwambie shoga yako asikuache.

SWALI: Habari dokta, mi ni dereva wa daladala ya Pongwe, umri 39. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri narudi saa mbili usiku, kutwa nimekaa kwenye siti. Kitambi kimekuja chenyewe. Baba alikuwa na kisukari mpaka akakatwa mguu, naogopa. Sasa hayo mazoezi ntafanya saa ngapi wakati Jumapili ndo siku pekee na nayo nalala?

JIBU: Pole kwa mzee, na hofu yako ina msingi, kisukari cha ukubwani kinafuata ukoo. Ila nataka nikupe kisa kinachokuhusu we na konda wako.

Miaka ya mwisho ya 1940 daktari mmoja Mwingereza, Jeremy Morris, alitaka kujua ugonjwa wa moyo unawapata nani zaidi. Akawaangalia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda wako gari moja, mshahara haupishani sana, mitaa ileile, ila dereva amekaa siku nzima na konda anapanda na kushuka ngazi za lile basi kukata tiketi. Alipochapisha mwaka 1953 ilionekana makonda wanaugua moyo kidogo kuliko madereva, na walioupata haukuwaua haraka vile. Akaenda posta akakuta hivyohivyo, wapeleka barua wanaotembea na kuendesha baiskeli walikuwa salama zaidi kuliko wenzao wa ofisini. Baadae mwenyewe alirudi akaangalia saizi za sare za wale madereva, akakuta viuno vyao vilikuwa vikubwa toka mwanzo, kwahiyo hakusema siti peke yake ndo mkosaji. Nampenda kwa hilo, hakuwa mtu wa kuficha kinachompinga. Lakini tafiti zilizokuja nyuma yake miaka zaidi ya 60 sasa zimeegemea upande ule alioanza nao.

Wewe usisubiri saa nzima ya mazoezi, haiji. Gari likiwa kwenye foleni ya kupakia abiria, shuka. Badala ya kuegemea bodi unapiga stori, zunguka stendi dakika 10 mwendo wa mtu anayechelewa msiba. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, ni nusu saa, siku tano ni dakika 150 na hujapunguza hata tripu moja. Vile nimeeleza kwa dada wa Makorora, makuli wa kwenye mishipa wanapunguzwa msuli ukikaa saa nyingi, sasa kule kukatiza kukaa ndo kunawarudisha kazini. Na kama nyumbani na maegesho si mbali sana, sisi Tanga ni mji wa baiskeli bwana, nenda na baiskeli urudi nayo.

Kapime sukari wiki hii, kabla ya kula. Mtu mwenye mzazi mgonjwa hasubiri dalili. Na ukikuta iko mpakani jua hivi, Marekani walifuatilia watu 3,234 wa namna hiyo, majibu yakatoka 2002, waliofanya dakika 150 kwa wiki na kupunguza kama asilimia 7 ya uzito wao walipunguza hatari ya kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, na waliomeza metformini walipunguza kwa asilimia 31. Metformini ni dawa nzuri, naiheshimu, ila ona tofauti hapo.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 63 anachoma insulini asubuhi na jioni. Alisikia mazoezi yanashusha sukari akaanza kutembea baada ya kuswali alfajiri. Juzi karudi anatetemeka, jasho jembamba, anaongea maneno hayaeleweki, tukampa uji wa sukari akarudi hali yake. Sasa kaogopa hataki tena. Afanye au aache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Afanye, ila si vile alivyofanya, na mlimwokoa vizuri.

Kilichotokea ni kwamba milango yote miwili ilifunguliwa kwa pamoja. Insulini ya sindano iko inapiga hodi, msuli nao umefungua uani, na tumboni hamna kitu maana alfajiri hajala. Sukari yote ikakimbilia ndani, ubongo ukabaki hauna. Hiyo inaitwa sukari kushuka na inaua kwa haraka kuliko sukari kupanda, sitaki muichukulie kama kizunguzungu cha kawaida.

Kwahiyo mama asitembee na tumbo tupu. Apime kabla ya kutoka, ikiwa chini ya 5.0 ale kitu kwanza, ndizi au kipande cha mkate, ndo aende. Ikiwa iko juu sana, 14 na kupanda, na anajisikia vibaya, anatapika, anapumua kwa shida, hiyo si siku ya mazoezi, ni ya hospitali. Siku ya kutembea sindano asichome pajani, achome tumboni, maana paja likifanya kazi dawa inaingia mwilini haraka kuliko ilivyopangwa. Mfukoni awe na sukari, vijiko vitatu vinne vya chai kwenye kikaratasi vinatosha, na chupa ya maji. Akianza kutetemeka asikaze mwendo ili afike nyumbani, akae chini palepale, anywe, asubiri dakika 15, apime tena, ikiwa bado chini ya 4 arudie. Na akiwa amezimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Tena sukari inaweza kushuka usiku wake, sio wakati wa kutembea tu, kwa sababu misuli inajirudishia akiba yake taratibu. Kwahiyo wiki za mwanzo mpimeni na kabla ya kulala. Mpelekeni kliniki na daftari la vipimo mwambieni daktari mama ameanza mazoezi, huenda dozi ikapunguzwa, ila msipunguze wenyewe. Wanaomeza vidonge vya sukari vinavyoitwa glibenklamaidi nao wako kwenye hatari hii. Anayemeza metformini peke yake ni nadra.

Kitu kingine ni miguu. Kandambili apana. Viatu vilivyofunika vidole, soksi safi, na kabla ya kuvaa aingize mkono ndani apapase, kajiwe kadogo tu ambako mguu wenye ganzi hausikii kanatosha kufungua kidonda. Jioni we mwenyewe kaa chini uinue nyayo zake uangalie mpaka katikati ya vidole. Sio kazi ya kumwachia yeye, macho na kiuno vya miaka 63 havifiki huko.

SWALI: Dokta mi mkimbiaji wa jogingi, tunatoka kundi kila Jumamosi asubuhi mpaka Raskazone. HDL yangu iko chini, nikaambiwa nifanye mazoezi, sasa nafanya mbona haipandi?

JIBU: Mara moja kwa wiki haitoshi kaka. HDL ndo ile wanaiita kolestro nzuri, kwa mwanaume inatakiwa isiwe chini ya 1.0, kwa mwanamke 1.3. Hii haishtuki kwa mazoezi kidogo. Kwenye utafiti ule wa Duke iliyopanda vizuri ni ya kundi lililofanya kilometa 32 kwa wiki, wale wa kilometa 19 hawakupata kitu cha kujivunia upande huo, wawe wamekimbia au wametembea. Umbali ndo uliofanya kazi. Kwahiyo Jumamosi yako nzuri kwa stori na upepo wa bahari, ongeza na siku nne nyingine fupifupi. Na kama unavuta sigara iache, inaishusha HDL kila siku. Ila usiifanye HDL kuwa ndo mtihani wako wote, kuna watu HDL haijapanda hata kidogo na insulini yao imekaa sawa, traigliseridi imeshuka, presha imeshuka, hao wamefaidika.

LDL, ile mbaya, mazoezi peke yake huwa hayaishushi sana. Ikiwa juu ni sahani na mara nyingi dawa, usije ukaacha vidonge vya statini kwa sababu umeanza kukimbia.

SWALI: Daktari, kuna tofauti ya kutembea asubuhi au baada ya kula? Na kazi za nyumbani hazihesabiki? Mi nafua, nafagia uwanja, napika, na bado naambiwa sifanyi mazoezi. Mama wa Barabara ya 14, Ngamiani.

JIBU: Zinahesabiwa mama, msuli haujui kama umeshika fagio au umevaa raba. Kipimo ni pumzi. Ukifanya kazi unaweza kuongea ila huwezi kuimba, hiyo ni wastani na inahesabika. Kufua mashuka kwa mkono na kufagia uwanja kwa nguvu imo. Kukaa kwenye kibao cha mbuzi unakuna nazi huku unapiga soga, hapana, mkono unachoka ila mapaja yamelala, na mapaja na makalio ndo misuli mikubwa inayokula sukari.

Wakati wowote utakaoweza kuurudia kila siku ndo mzuri. Lakini kwa mwenye sukari ya mpakani au kisukari, baada ya kula kuna faida yake maalum, maana ndo wakati sukari inamiminika kwenye damu na msuli unaikuta njiani. Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington mwaka 2013 waliwatembeza wazee wenye sukari ya mpakani dakika 15 baada ya kila mlo, na kwa siku nzima sukari ilitulia sawa na wale waliotembea dakika 45 kwa mkupuo asubuhi, na kwa sukari ya baada ya chakula cha jioni hizo dakika 15 zilishinda. Kwetu sisi ambao mlo mkubwa unakuwa usiku, halafu moja kwa moja kitandani, hiyo ni habari kubwa.

Shangazi yangu alikuwa haniamini kwenye hili. Ana kisukari anameza metformini, na baada ya chakula cha mchana kwake ni mkeka na feni. Nikaenda na kimashine cha kupimia. Siku ya kwanza alikula wali wa nazi, mbaazi na samaki wa kukaanga, nikamtoa nje jua limepungua tukatembea dakika 20, taratibu, yeye na baibui lake na mwavuli, tukisimama kusalimia kila baraza, nikampima saa moja na nusu toka alipomaliza kula, 8.4. Akasema ah ndo kawaida yangu. Kesho yake nikamwomba apakue sahani ileile, wali uleule, akalala mkekani kama alivyozoea, nikampima muda uleule, 11.2. Mtu mmoja siku mbili si utafiti, nililijua hilo na nikamwambia. Yeye akaishika ile mashine akaisogeza karibu na macho, akaniuliza kama haijaharibika, nikapima tena kidole kingine ikasoma 11.0. Akanyamaza kidogo, halafu akamwita mjukuu wake amletee viatu.